Pistoni ya ukubwa gani?



Katika jimbo la Lualaba mvua hukoma mwezi wa tano, na tangu hapo mpaka mwezi wa tisa vumbi ndilo mtawala. Hukaa juu ya majani ya miembe, huingia katika unga na katika nguo zilizoanikwa, na huingia pia mahali tusipopaona, yaani ndani ya injini. Na Kolwezi ni mji wa injini. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliuanzisha mji huo mwaka 1937 uwe makao ya machimbo yake ya upande wa magharibi. Leo ndio mji mkuu wa jimbo, tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, na malori yenye shaba na kobalti hushika njia ya Fungurume, Likasi na Lubumbashi mpaka forodha ya Kasumbalesa.

Katikati ya malori hayo hupita motakaa za watu wa kawaida: Land Cruiser iliyokwisha kubadili wenyewe mara tatu, Hilux ya ndugu wawili waliochanga fedha, basi dogo la mama mjane. Motakaa ya namna hii si anasa. Ndani yake mna karo ya watoto, kodi ya nyumba na dawa za bibi. Basi siku inapoanza kutoa moshi wa buluu na kunywa mafuta ya kulainisha kama mgonjwa mwenye kiu, nyumba nzima huingiwa na wasiwasi. Fundi huitwa, hufungua, hutikisa kichwa, kisha husema: “Injini imechoka. Leteni pistoni.”

Hapo ndipo penye swali letu la juma hili. Pistoni za ukubwa gani? Baba wengi hudhani ni jambo la fundi peke yake, na mama wengi hudhani haliwahusu hata kidogo. Lakini fedha zitakazotoka ni za nyumba nzima, na kosa likifanyika hapa haliwezi kurudishwa, maana chuma kilichokwisha kukerezwa hakiongezeki tena. Kwa hiyo twataka kulieleza shauri hili polepole, ili hata asiyeshika spana apate kuuliza maswali yaliyo ya haki.

KAZI YA PISTONI

Ndani ya injini mna matundu makubwa ya mviringo yaitwayo silinda. Katika kila silinda pistoni hupanda na kushuka, ikisukumwa na moto wa mafuta, nayo huzungusha fitokombo, na fitokombo huzungusha magurudumu. Pistoni nyingi ni za alumini, na silinda ni za chuma cha kalibu. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma hicho. Kwa hiyo pistoni haiwezi kuikaza silinda kama kizibo katika chupa. Sharti ibaki nafasi ndogo ya kutanukia. Katika motakaa nyingi nafasi hiyo ni sehemu chache za mia za milimita, kama 0.05, yaani pungufu ya unene wa unywele wa kichwa. Ikiwa ndogo mno, pistoni itakwama na kuchubuka injini ikipata moto. Ikiwa kubwa mno, pistoni itagonga kuta, mafuta yatapanda juu na kuungua, na nguvu ya moto itavuja kwenda chini.

Jambo hili la kulinganisha pistoni na silinda ni la kale kuliko motakaa zenyewe. Mskoti James Watt alisumbuka miaka mingi na mashine yake ya mvuke, kwa sababu silinda za siku zile hazikuwa mviringo mwema, na mvuke ulitoroka kando ya pistoni. Aliyemsaidia ni fundi wa chuma John Wilkinson, ambaye mashine yake ya kukereza ilitoa silinda zilizo sawa. Mwaka 1776 Matthew Boulton, mshirika wa Watt, alisifu kwamba silinda moja ya upana wa inchi 50 haikupotoka mahali popote hata kwa unene wa shilingi kuukuu. Siku zile hiyo ilikuwa ajabu. Leo fundi wa Kolwezi akipotoka kwa unene wa shilingi, pistoni zake atazitumia kwa kuwekea majivu ya sigara.

KWA NINI SILINDA HUPANUKA

Vumbi la nchi yetu lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Chujio la hewa likipasuka, au mpira wake ukiwa na ufa, chembe hizo huingia pamoja na hewa, hujichanganya na mafuta na kuwa kama dawa ya kusugulia sufuria. Pistoni husugua maelfu ya mara kwa dakika. Silinda hulika, lakini hailiki sawasawa pande zote. Hulika zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeuka kurudi chini, kwa kuwa pale moto ni mkali na mafuta ni haba. Tena hulika zaidi katika kuta zile mbili ambazo pistoni huziegemea fitokombo inapozunguka, na mara nyingi ukuta mmoja huumia kuliko wa pili. Hivyo silinda iliyokuwa mviringo na wima huwa na umbo la yai, pana juu na nyembamba chini.

Kabla ya kufungua injini, fundi mwangalifu huhakikisha kwamba ugonjwa ni huo kweli. Moshi wa buluu unaweza kutoka pia kwenye mipira ya vali iliyokauka, au kwenye tabo iliyochakaa. Fundi hupima mgandamizo wa kila silinda. Kama injini ni ya petroli, humimina kijiko cha mafuta mazito ndani ya silinda na kupima tena: mgandamizo ukipanda, ringi na silinda ndizo mbovu, usipobadilika, afadhali atazame vali. Injini ya dizeli haipimwi kwa kumiminiwa mafuta namna hiyo, maana nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo sana, na mafuta hayashindiliki. Yanaweza kuvunja kitu.

NGAZI ZA UKUBWA

Viwanda vilijua tangu zamani kwamba silinda zitalika. Kwa hiyo, mbali na pistoni za ukubwa wa asili, hutengeneza nyingine zilizozidi kidogo. Ngazi zilizozoeleka ni 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 ya milimita. Si kila kiwanda hutoa ngazi zote. Vingine huanza na 0.50 moja kwa moja. Alama huchapwa juu ya kichwa cha pistoni: 025, 050 na kadhalika. Pistoni za asili huandikwa STD.

Hapa pana mtego. Viwanda vya Marekani na vya zamani vya Uingereza huhesabu kwa sehemu za elfu za inchi. Kwao alama 020 ni sehemu 20 za elfu moja, ambazo ni milimita 0.508, karibu sawa na 0.50 ya Mjapani. Lakini mtu akiona 050 ya inchi akadhani ni ya milimita, atakuwa ameleta nyumbani pistoni iliyozidi kwa milimita 1.27. Uliza daima: ni milimita au ni inchi?

Pana mtego wa pili. Injini za namna moja hufanana kwa nje kama watoto wa mama mmoja. Toyota 2L ina silinda za upana wa milimita 92, 3L zina 96, na 5L zina 99.5. Mwenye motakaa huenda dukani akisema, “Nataka pistoni za Hilux,” bila kusoma herufi zilizogongwa kwenye bloki. Kumbe injini imekwisha kubadilishwa zamani na mwenye motakaa wa kwanza. Isome bloki, usiiamini kadi. Tena tazama vichwa vya pistoni zilizotolewa: zikiwa na alama 050, maana yake injini hiyo imekwisha kukerezwa mara moja, na hesabu yako haianzii mwanzo.

MAKOSA MAWILI YA WATU

Kosa la kwanza ni la wapenda nguvu. Husema: “Tutie pistoni kubwa kuliko zote, motakaa ipande mlima kwa kishindo.” Tufanye hesabu. Injini ya Land Cruiser iitwayo 1HZ ina silinda sita za upana wa milimita 94, na pistoni husafiri milimita 100. Jumla yake ni sentimita za ujazo 4164. Tukiongeza upana kwa 0.50, jumla huwa 4208. Faida ni 44 tu, yaani kama sehemu moja katika mia. Hakuna dereva atakayeihisi akiwa na magunia nyuma. Lakini kuta za silinda zimekonda, na ngazi moja ya akiba imeliwa.

Kosa la pili ni la wapenda rahisi. Husema: “Tusikereze kabisa. Tununue ringi mpya, tusugue kidogo, tufunge.” Au: “Tuchukue ngazi ndogo kuliko zote, tuepuke gharama.” Lakini ringi mpya ndani ya silinda yenye umbo la yai haziwezi kugusa kuta pande zote, moshi utarudi kabla deni la duka halijalipwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Njia ya haki ipo katikati, na twaweza kuieleza kwa maneno machache: chagua ngazi iliyo ndogo kuliko zote ambazo zitafuta majeraha yote ya silinda zote. Ndogo, ili chuma kibaki kwa ajili ya siku za mbele. Lakini yenye kufuta majeraha yote, maana kovu moja likibaki kazi yote ni bure.

HESABU YA SILINDA YA NNE

Tutoe mfano. Tuseme fundi amefungua injini ya upana wa milimita 94, akaosha bloki, akapima kila silinda kwa kipimo chenye saa. Hupima mahali patatu, juu, katikati na chini; na kila mahali hupima mara mbili, sambamba na fitokombo na kwa kukingamana nayo. Hivyo kila silinda ina vipimo sita, na silinda sita zina vipimo 36. Vyote huandikwa. Fundi asiyeandika vipimo ni kama mwenye duka asiye na daftari: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuseme silinda zote zimelika kidogo, ila ya nne ndiyo mbaya: juu, kwa kukingamana, ina 94.21. Imelika 0.21. Mtu wa haraka atasema: “Ngazi ya 0.25 yatosha, maana 0.25 ni zaidi ya 0.21.” Hesabu yake yaonekana njema, lakini ina kosa. Upana ni jumla ya kuta mbili. Tukikereza kwa 0.25 huku tukishika kitovu cha asili, kila ukuta hupoteza nusu yake, yaani 0.125. Je, silinda ya nne imelika sawa kila upande? La. Tuseme ukuta mmoja umelika 0.15, na wa pili 0.06. Ukuta wa pili utapona. Ukuta wa kwanza utabakiwa na shimo la 0.025, na moto utapita pale pale. Ngazi ya 0.25 haifai. Ile ya 0.50 huondoa 0.25 kila ukuta, nayo itafuta jeraha lote. Basi injini hii itataka 0.50.

Wako wanaosema: “Tukisogeze kitovu kidogo upande ulioumia.” Si shauri jema. Silinda itatoka katika mstari wake juu ya fitokombo, na kwa kufuta kosa moja tutakuwa tumezaa jingine.

Na je, silinda nyingine tano, ambazo zingeridhika na 0.25? Nazo zitakerezwa kwa 0.50. Pistoni za ukubwa mbalimbali huwa na uzito mbalimbali, na injini itatetemeka kama kikosi ambacho kila askari ana mwendo wake. Silinda iliyo mbaya kuliko zote ndiyo inayoamua kwa niaba ya zote. Katika nyumba pia mambo huenda hivyo mara nyingi: mtoto mmoja akiugua, wote hula uji.

PIMA PISTONI KABLA YA KUKEREZA

Sasa twafika kwenye utaratibu, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Watu hupeleka bloki kwanza kwenye mashine, kisha huenda kutafuta pistoni madukani. Wanapofika huambiwa kwamba 0.50 zimekwisha, zipo 0.75 tu. Au huzipata, kumbe hazina kipimo kile kilichoandikwa juu ya boksi.

Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kumpima atakayevaa. Vivyo hivyo pistoni hununuliwa kwanza, huletwa mkononi mwa fundi wa mashine, nazo hupimwa moja moja kwa maikromita. Ndipo silinda hukerezwa ifuate pistoni yake, wala si namba ya boksi. Mahali pa kupimia pistoni si popote. Pistoni haikuchongwa mviringo kamili wala wima kamili. Ina umbo la yai kidogo na hupungua kuelekea kichwani, ili ikipata moto ijae sawa. Kwa hiyo hupimwa katika sketi yake, kwa kukingamana na kijiti, kwa umbali kutoka chini ambao kitabu cha kiwanda kimeutaja.

Tuseme pistoni yetu ya 0.50 imepimwa, nayo ina 94.43, na kitabu cha injini chataka nafasi ya 0.06. Silinda yake itafikishwa 94.49. Ikiwa jirani yake ina 94.44, silinda ile itafikishwa 94.50. Kila pistoni huandikwa namba ya silinda yake, wala hazibadilishani. Mashine ya kukereza haifiki mpaka mwisho. Huacha sehemu chache za mia za milimita, ambazo huondolewa kwa mawe ya kunolea. Mawe hayo huacha mistari myembamba inayokatana kama ukindu wa mkeka. Mistari hiyo si uchafu wala uvivu wa fundi: ndiyo inayoshika mafuta na kuzizoesha ringi. Baada ya kunoa, silinda huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha hupanguswa kwa kitambaa cheupe chenye mafuta mpaka kitambaa kibaki cheupe. Petroli peke yake haitoi unga wa mawe.

Na ringi zenyewe? Sharti ziwe za ngazi ile ile ya pistoni. Mtu asidhani kwamba ringi za asili zitajikunjua. Kila upana ukiongezeka kwa milimita moja, mzingo huongezeka kwa milimita 3.14. Ringi ya asili ikitiwa katika silinda iliyozidi kwa 0.50, mwanya wake utaongezeka kwa milimita 1.57. Huo si mwanya tena, ni mlango. Ringi iliyo sawa, ikisukumwa ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae wima, huacha mwanya wa kama sehemu tatu au nne za kumi za milimita katika silinda ya upana huu. Kipimo kamili kimo katika kitabu. Mwanya usiposalia kabisa, ncha za ringi zitagongana zikipata moto, na ringi itavunjika.

NGAZI ZIKIISHA

Ikiwa jeraha ni refu kupita 1.00, au bloki imekwisha kula ngazi zake zote, mwenye motakaa asikate tamaa. Bloki hupanuliwa, na ndani yake hupachikwa silinda mpya ya chuma, ambayo mafundi wa Kongo, waliojifunza kwa Kifaransa, huiita shemizi, na wenzao wa Kenya na Tanzania huiita slivu. Kisha silinda hukerezwa kwa ukubwa wa asili, na injini huanza maisha upya na pistoni za STD. Hata ikiwa silinda moja tu imepasuliwa na ringi iliyovunjika, na nyingine ni nzuri, yaweza kutiwa shemizi ile moja. Injini nyingi za malori makubwa zilizaliwa na shemizi. Kwa hizo hakuna haja ya ngazi, bali shemizi, pistoni na ringi hubadilishwa pamoja. Wenye injini ndogo waulize gharama za njia zote mbili kabla ya kuamua.

Lakini mtu asijaribu kutia pistoni za injini nyingine kwa kuwa zimepatikana kwa bei ndogo. Upana si kipimo pekee. Uko unene wa kijiti, na uko urefu kutoka kijiti mpaka kichwani. Urefu huo ukizidi kidogo, katika dizeli pistoni itagonga vali au kichwa cha injini. Ukipungua, mgandamizo hautatosha na injini itakataa kuwaka asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Kolwezi haikosi watu wenye ujuzi. Shule za ufundi, kama zile za Wasalesiani waliofika Katanga mwaka 1911, pamoja na karakana za machimbo, zimelea vizazi vya mafundi. Serikali iliitwaa mali ya Union Minière mwaka 1967, ndipo ikazaliwa kampuni tunayoijua kwa jina la Gécamines. Nayo ilipodhoofika, ikawaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika miaka ya 2003 na 2004. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wameshika maikromita tangu ujana wao, na ujuzi wao haukubaki nyuma ya lango la kampuni. Kwa hiyo mwenye motakaa asiseme, “Hakuna anayejua.” Wapo wanaojua. Kazi ni kuwatofautisha na wanaokisia kwa kidole.

Tena heshima haizuii kuuliza. Baba na mama waende pamoja gerejini, wamsalimu fundi kwa adabu, kisha waulize haya. Je, mzee, umeandika vipimo vya silinda zote? Tunaomba kuviona. Silinda ipi ni mbaya kuliko zote, na ukuta wake upi? Kwa nini umechagua ngazi hii, wala si ile iliyo chini yake? Bloki hii ilikwisha kukerezwa mara ngapi? Pistoni zitapimwa na nani, kabla ya kukereza au baada yake? Umekwisha kuangalia fitokombo na beringi zake, na kichwa cha injini kama kimepinda?

Fundi wa kweli hatakasirika. Atafurahi kupata mtu anayejali kazi yake, naye ataleta karatasi. Yule anayejibu, “Ninyi niachieni tu, mimi nimezoea,” huenda akawa mtu mwema, lakini fedha za karo si za kujaribia mazoea ya mtu.

Kuhusu maduka, boksi zuri halithibitishi kitu. Yapo maboksi yenye majina makubwa ambayo ndani yake mna pistoni za uongo. Ziondoe zote bokisini, ukazilinganishe. Seti njema ina uzito ulio sawa, alama zilizo wazi na kijiti kinachoingia kwa kusukumwa taratibu kwa kidole gumba. Mwenye duka akikataa zisipimwe kwa maikromita kabla ya malipo, salamu na kwaheri.

VUMBI HALIKUHAMA

Tumalize na jambo ambalo husahauliwa kuliko yote. Injini mpya hutembea katika vumbi lile lile lililoiua ile ya zamani. Mwenye kukereza bila kutengeneza chujio la hewa ni kama mtu anayetwanga mahindi katika kinu kilichotoboka. Siku ile ile injini inapofungwa, mpira wote kutoka chujio mpaka injini ukaguliwe kwa mkono, ukikunjwa na kunyoshwa ili nyufa zionekane. Vikazio vyake vibadilishwe. Chujio la karatasi lisioshwe kwa maji, wala lisipulizwe kwa hewa kali inayolitoboa. Wakati wa kiangazi, katika barabara za machimbo, litazamwe kila juma na libadilishwe mapema. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya pistoni sita.

Katika kilomita 1000 za mwanzo motakaa isibebeshwe magunia mengi, isikimbizwe, wala isiachwe ikinguruma bure kwa saa nyingi, maana ringi huzoeana na kuta kwa kazi ya kiasi. Mwendo ubadilike-badilike. Mafuta ya kulainisha yamwagwe mapema, kwa kuwa yamebeba unga wa chuma wa siku za kwanza. Maji ya rejeta yaangaliwe kila asubuhi. Pistoni mpya zenye nafasi ndogo hazina msamaha kwa injini iliyochemka.

Mwisho, karatasi ile ya vipimo 36 isitupwe. Iwekwe nyumbani pamoja na vyeti vya watoto, imeandikwa tarehe, ngazi iliyotumika na jina la fundi. Baada ya miaka, injini itakapofunguliwa tena, labda motakaa itakuwa mikononi mwa kijana wenu. Ataikunjua karatasi, atasoma kwamba wazazi wake walitumia 0.50 peke yake, na kwamba bado amesaliwa na ngazi mbili.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza habari ya beringi za fitokombo, na jinsi ya kuutambua mlio wao kabla hazijauma.